Subana

Chanda chema huvikwa pete, ndivyo tulivyofunzwa.
Changu kwa miaka sita kimevikwa subana,
na leo, Jumamosi, nimeomba ruhusa,
mikono yangu yote miwili imelala
juu ya kitambaa cheusi cha sonara wa Birmingham
kama wagonjwa wanaongoja majibu.

Nje, rasharasha kwenye Mtaa wa Vyse.
Madirisha yote ya mtaa huu yanameta,
hata la kinyozi.

Bwana Pickerill amevaa jicho la tatu, la kioo.
Anasogeza trei.
Hii ina makucha manne. Hii sita.
Hii, vialmasi vimezunguka kimoja kikubwa
kama wapambe waliokataa kwenda kwao.
Na hii hapa, kito kimebanwa na ncha mbili tu,
kinaelea, hakuna kinachokishika
ila ukaidi.

Elinami anaipenda hiyo.
Anaendesha kreni. Anapenda vitu
visivyoonyesha vimeshikwa na nini.

Ndipo nafungua kichupa cha wanja,
natikisa: kito cha kipini cha mama,
chekundu, hakizidi punje ya mtama.
Miaka ishirini na minane kilikaa puani mwake,
kikanusa vitunguu, homa zetu, uongo wetu.
Dhahabu yake aliiuza muhula ule wa ada.
Kito akakibakisha. Hiki hakina bei, alisema,
na sonara wa kule naye alikuwa amesema hivyohivyo,
kwa maana yake.

Bwana Pickerill anakiinua kwa kikoleo. Kimya.
Saa ya ukutani inapiga chafya yake ya robo.

“Kiinuliwe juu,” Elinami anasema. “Makucha sita.
Mwanga upite mpaka chini.”

Namwelewa. Mtu ashindaye angani, Januari, katika nchi hii,
huhesabu mwanga kama chenji.

Lakini mimi nashona magauni ya harusi za wengine.
Mkono wa kulia unasukuma sindano, huo una ngao yake.
Wa kushoto hupita chini ya kitambaa, gizani,
ukiitafuta ncha kabla ncha haijautafuta.
Nawaza makucha sita huko chini,
shela ya Bi harusi wa kesho, nyepesi kama pumzi,
uzi mmoja ukinaswa,
uzi ukivutika,
na mama mtu amesimama mlangoni.

“Kizungushiwe ukingo,” nasema. “Dhahabu ikikumbatie pande zote.
Nikipitisha kidole kwenye hariri, hariri isijue.”

“Kitapoteza nuru kidogo,” asema Bwana Pickerill,
kwa sauti ya daktari asiyetaka kulaumiwa.

Elinami haongei. Anatazama dari,
kama siku za upepo mkali,
mashine imezimwa na yeye bado yuko juu.

Puani mwa mama kilikuwa na ukingo, namwambia.
Nilikiona kutoka geti la shule.
Nilikijua kabla sijaujua uso.

Mzee anakuna kidevu. Anachora kwenye bahasha:
ukingo, na nyuma ya kito, upande wa ngozi,
tundu. Dirisha la kuku, kwa udogo wake.
“Mwanga hauchagui mlango,” anasema,
na kwa mara ya kwanza tangu tuingie Elinami anacheka,
anainama, anachungulia mchoro
kama fundi anayekagua kazi ya fundi.

Kisha shada la pete za vipimo. Moja inakwama kwenye kifundo.
Nyingine inazunguka kama mgeni asiye na kiti.
Ya tatu inakaa, juu ya alama za sindano,
na sote watatu tunaitazama
ingawa ni chuma tu.

Risiti ameandika kwa mkono, herufi za kulala:
*Kito kimoja, chekundu. Mali ya mteja.*

Nataka kumsahihisha.
Nakunja karatasi, naitia ndani ya kichupa,
kinachonuka wanja bado.